Tsavo Mashariki kutoka Mombasa: fuata maji, usifuate magari

Watu wengi wa Mombasa wameishi umri wao wote kilomita 100 hivi kutoka geti la mbuga na hawajawahi kuikanyaga. Wanaokwenda, wengi hurudi wakisema hawakuona kitu ila vumbi. Mara nyingi wanyama walikuwepo. Kilichoharibika ni saa na njia: gari limeingia getini saa 4 jua limeshapanda, likazunguka kwa kasi likikimbilia kila gari lililosimama, kisha likatoka saa 9. Tsavo Mashariki ni nyika kavu. Kwenye nyika kavu, mwenye kula majani na mwenye kula nyama wote siku yao hupangwa na maji. Ukijua maji yako wapi mwezi huo, umeshajua gari lielekee wapi.

Basi tuanze na mwezi. Kuanzia Juni hadi Oktoba, kusi ikivuma, vidimbwi vya mvua hukauka kimoja baada ya kingine, na wanyama hubakiwa na sehemu chache: bwawa la Aruba, mashimo ya mchanga ya Mto Voi, bonde la Kanderi, na Mto Galana, ambao ndio huo huo watu wa Malindi wanaouita Sabaki. Agosti inaangukia humo, na watoto wako likizo, kwa hiyo kwa familia huo ndio mwezi ninaoupendekeza kuliko yote. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, pia ni pakavu. Desemba watu hupenda kwenda kwa sababu ya sikukuu, lakini vuli huwa imeshanyesha: nyasi ni ndefu, kila shimo lina maji, na ndovu hawana sababu ya kusogea karibu na barabara. Mandhari huwa ya kijani, mawingu juu ya milima ya Taita hupendeza sana, ndege ni wengi. Nenda, ila usiende ukihesabu simba. Aprili na Mei, masika, njia za pembeni huteleza na gari dogo linaweza kulala humo.

Tiketi hulipwa kabla, kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na fedha taslimu getini hazipokelewi. Lipa ukiwa nyumbani jana yake, maana mtandao njiani hukatika, na utakuta familia nzima imekaa kwenye joto ikisubiri ujumbe wa M-Pesa. Viwango ni tofauti kwa raia, mkazi na mgeni, na gari hulipiwa kwa idadi ya viti. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chenyewe. Ukiwa na shangazi aliyekuja kutoka Muscat au Uingereza kwa pasipoti ya huko, yeye atalipa bei ya mgeni hata kama alizaliwa Kuze, hapa hapa Mombasa; mwambie mapema ili isije ikawa mazungumzo ya getini. Tiketi ni ya kuingia mara moja, kwa hiyo usipange kutoka kwenda kula Voi kisha urudi.

Geti hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Wa kwenda na kurudi siku moja atumie geti la Buchuma, lililo karibu zaidi na Mombasa. Toka mjini saa 10 alfajiri, kabla malori hayajajaa Changamwe na Miritini. Barabara ni ile ile ya Nairobi: Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru, Mackinnon Road. Gizani, ukiona matawi ya miti yametandazwa njiani, punguza mwendo mara moja, kwani mbele yake kuna lori lililoharibika, na taa za nyuma huenda hazipo. Ukienda kwa utulivu utaufikia msikiti wa Mackinnon Road, ulio kando ya reli, wakati wa swala ya alfajiri. Hapo ndipo lilipo kaburi la Sayyid Baghali, msimamizi wa mafundi wa reli kutoka Punjab, ambaye husimuliwa kwamba karai la kokoto lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Madereva wengi, wa dini zote, husimama kuomba safari njema. Swali, nyosha miguu, kunywa chai ya thamosi, na utakuwa getini jua linachomoza.

Asiyetaka kuendesha usiku alale Voi na aingie kwa geti la Voi asubuhi. Hiyo ndiyo njia bora, sema inagharimu zaidi. Treni ya SGR ya saa 2 asubuhi kutoka Miritini, ile inayosimama vituo vya njiani, itakufikisha Voi asubuhi hiyo hiyo, lakini kwa wanyama huwa umeshachelewa. Inamfaa atakayelala huko na kuingia jioni na kesho yake alfajiri. Ukipanda treni kuendelea hadi Mtito Andei, kaa upande wa kulia: Tsavo Mashariki iko upande huo, na kwa kuwa reli imeinuliwa, ndovu huonekana vizuri kutoka dirishani.

Kuhusu gari. Gari dogo huweza barabara kuu za ndani wakati wa ukavu, lakini lina kasoro mbili: uko chini, hivyo nyasi zinakuziba, na tumbo la gari hugusa mchanga kwenye mikondo mikavu ya mito. Vani yenye paa la kufunguka ni bora zaidi kwa familia. Ukikodi Mombasa, kalikague mwenyewe jana yake. Tazama tairi la akiba kwa mkono na si kwa maneno, na ikiwezekana yawe mawili. Tazama jeki, kisha uulize ubao wa kuweka chini ya jeki. Huo ubao ndio unaosahauliwa na karibu kila mtu: udongo wa Tsavo ni laini, jeki isiyo na ubao huzama badala ya kuinua gari, na kazi ya dakika 15 inakuwa ya saa nzima katikati ya mbuga. Barabara za ndani zina vijituta vya mfululizo kama bati. Tairi lililojaa upepo wa lami hupigapiga na kukatika ubavuni, hivyo getini punguza upepo mpaka kati ya psi 26 na 28, na ubebe pampu ndogo inayotumia betri ya gari ili ujaze tena wakati wa kutoka. Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Ukienda 30 utaona mara mbili zaidi.

Mafuta jaza njiani kabla ya kuingia.

Chakula kinahitaji busara ya Pwani. Mahamri, viazi vya karai, katlesi na mayai ya kuchemsha hustahimili siku nzima. Mbaazi za nazi, hapana: tui kwenye joto la gari lililofungwa huchacha kabla ya adhuhuri, na tumbo la mtoto likiharibika ndani ya mbuga hakuna choo cha karibu. Maji, lita 3 kwa kila mtu, kwenye chupa za chuma au galoni la kujazwa tena, kwa sababu tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, chupa za maji zikiwemo, zimepigwa marufuku ndani ya mbuga. Chukua leso mbili za ziada, moja ya kufunika pua vumbi likizidi na nyingine ya kuviringia simu au kamera. Mfuko mdogo wa mchele uliowekwa juu ya kioo cha dirisha ni egemeo zuri la kamera, mradi injini imezimwa. Ikiwaka, mtetemo wake huharibu kila picha. Na darubini, moja kwa watu wawili, si anasa. Nusu ya Tsavo iko umbali ambao jicho tupu linaona doa tu.

Ukishaingia Buchuma, saa mbili za kwanza ni za nyanda za wazi. Hapa ndipo pa kutafuta duma na simba, kwa sababu baridi ya asubuhi bado inawaruhusu kutembea. Watazame wanyama wengine wakuonyeshe. Kongoni hupenda kupanda juu ya kichuguu; wakiwa watatu wote wameelekeza uso upande mmoja na hawali, zima gari na uelekeze darubini wanakotazama. Simba madume wa Tsavo wengi wana manyoya haba shingoni, au hawana kabisa, kwa hiyo usimwite kila asiye na manyoya kuwa jike. Ikishafika saa 4 wamelala chini ya vichaka, na kinachoonekana ni ncha za masikio tu.

Kwenye vichaka vya njia ya kuelekea Aruba mtafute swala twiga. Ni mwembamba, shingo ndefu, na husimama wima kwa miguu ya nyuma, ya mbele ikining'inia au ikiegemea matawi, akachuma majani madogo ambayo swala wengine hawayafikii. Unyevu wa majani hayo humtosha, hivyo usimsubiri majini. Ni mmoja wa wachache ambao kanuni ya maji haiwahusu.

Halafu Aruba, bwawa lililojengwa mwaka 1952 kuuzuia Mto Voi. Fika saa 4, tafuta pa kusimama upepo ukitoka majini kuja kwako, zima injini, na ukae. Angalau saa moja na nusu. Najua watoto watalalamika kwa nusu saa ya kwanza, wape mahamri. Joto likipanda ndovu huanza kuja. Hutangulia jike mzee. Kabla ya kufika majini hupunguza mwendo, huinua mkonga akanusa, na wote walio nyuma yake husimama. Akishuka yeye, ndama hukimbia. Wakitoka majini ngozi yao ni ya kijivu kama jiwe, maana wekundu unaowapa sifa ndovu wa Tsavo ni udongo tu, wenye chuma kingi. Kisha husogea kando, hukwangua ardhi kwa mguu wa mbele, hufyonza vumbi kwa mkonga na kulirusha mgongoni ili kujikinga na jua na wadudu. Baada ya dakika chache wamerudi wekundu mbele ya macho yako. Anayepita Aruba kwa dakika kumi hulikosa tukio hili lote.

Miaka ya ukame Aruba yenyewe hukauka. Hapo fuata Mto Voi kuelekea Kanderi na utazame mchanga. Ndovu huchimba kwa mguu na mkonga mpaka wapate maji, wakiondoka huja pundamilia, ngiri na ndege kunywa pale pale.

Tahadhari ya ndovu nisiiache. Akitandaza masikio na kutikisa kichwa, anakuonya. Rudi nyuma taratibu, usipige honi, usiwashe na kuzima injini ovyo. Akibana masikio, akainamisha kichwa na kukunja mkonga chini ya kidevu, onyo limekwisha, ondoka. Dume lenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio na mkojo ukimdondoka miguuni, hata akiwa mtulivu, mpishe barabara yote. Na usilisimamishe gari kati ya mama na ndama hata kwa picha nzuri kiasi gani.

Aliyelala Voi na ana siku ya pili aende jiwe la Mudanda, lenye urefu wa kama kilomita 1.6, ambapo inaruhusiwa kushuka na kupanda kutazama bwawa lililo chini. Maporomoko ya Lugard kwenye Galana nayo ni mazuri, lakini miamba huteleza na mamba wako chini yake. Watoto wasiachwe mkono.

Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi, na kwa siku moja kutoka Mombasa ni mbali mno. Lakini anayeishi mji huu angepaswa kuziona mara moja maishani. Mvua ya milima ya Chyulu huzama kwenye mawe ya volkeno, hupita chini ya ardhi na kutokea Mzima ikiwa safi kabisa, kisha sehemu yake huja kwa bomba hadi mjini kwetu. Huko usivae nguo za buluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda.

Wenye watoto wachanga waanze na Shimba Hills, kilomita 33 tu kutoka mjini kupitia Kwale, ambako ndiko peke yake nchini Kenya anakoonekana palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma.

Kutoka Aruba, geuza saa 9 alasiri ukitaka kutokea Buchuma bila haraka, kwa sababu saa 10 na 11 wanyama huanza tena kutembea na utasimama mara nyingi. Ukishatoka jaza matairi hapo hapo getini, kabla ya lami. Tairi laini kwenye mwendo wa barabara kuu hupata joto na kupasuka. Kesho yake toa filta ya hewa ya gari uipige kofi ukutani. Vumbi jekundu litakalotoka ni la kujaza kikombe, na likibaki humo gari litaanza kukosa nguvu.