Masanduku ya teleka chini ya upenu: msimu wa pili

Mwishoni mwa Aprili. Sanduku la tatu la kiota cha teleka, ndege wa angani anayeitwa swift kwa Kiingereza, limepanda leo. Yote sasa yako chini ya upenu wa ukuta unaotazama kaskazini, hapa Leicester, Uingereza. Ukuta wa kusini hupigwa na jua mchana kutwa, na makinda yangeungua ndani ya mbao. Kutoka chini hadi kwenye matundu ni zaidi ya mita 5, na mbele hakuna tawi wala waya, kwa sababu teleka akitoka hujiachia kwanza, akashuka kidogo, ndipo mbawa zikashika upepo.

Tundu lina upana wa milimita 65 na kimo cha 28. Kimo ndicho muhimu: kikizidi kidogo tu, kwenzi anaingia. Ndani nimebandika ubao uliochongwa mfano wa kisahani. Teleka hatui chini kuokota nyasi kama ndege wengine. Unyoya, jani kavu, uzi, vyote huvidaka vikipeperuka hewani, kisha huvigandisha kwa mate. Kisahani kinampunguzia kazi kubwa.

Mei, wiki ya kwanza. Wamefika! Nilisikia mlio wao mkali kabla sijawaona, nikatoka nje mikono ingali na sabuni. Vifaa vidogo walivyofungwa teleka wa Uingereza vimeonyesha kwamba wakati wa baridi ya Ulaya wako juu ya misitu ya Kongo, na wengine hufika mpaka Msumbiji. Mimi nilikulia Morogoro. Makundi yao yaliyokuwa yakitangulia mvua za vuli niliyachukua kuwa ya kwetu tu. Ya kwetu yamo, ni kweli, lakini na hawa wa Ulaya hupita.

Hapa Uingereza wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1995, na mwaka 2021 waliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini. Nyumba za zamani zinakarabatiwa, mianya chini ya vigae inazibwa, na teleka anayerudi kwenye tundu lake la kila mwaka anakuta saruji. Wadudu nao wamekuwa haba. Uhaba wa wadudu siwezi kuuponya kwa nyundo na skrubu. Mwanya naweza kuurudisha.

Spika ndogo nimeiweka dirishani, inapiga milio ya teleka asubuhi na jioni. Walengwa ni teleka vijana ambao bado hawajapata makao. Wakubwa wana matundu yao tayari.

Juni. Baridi na mvua mfululizo, anga tupu. Inanitia moyo kukumbuka yaliyojulikana katika mnara wa jumba la makumbusho la Oxford, ambako teleka wamechunguzwa tangu miaka ya 1940: kinda anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula kwa kushusha joto la mwili, huku wazazi wakitafuta wadudu mbali na mvua.

Sanduku la kwanza limechukuliwa na shomoro. Namwacha. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 ya hapa inalinda kiota chenye ndege, na hata bila sheria, shomoro naye yumo kwenye orodha hiyo hiyo nyekundu.

Julai. Jua limerudi na vijana wamekuja kwa kasi ya kutisha, wanagusa ukuta kwa mbawa na kuondoka. Mama mmoja mzee wa nyumba ya pili ametoa kiti nje kuwatazama. Anasema utotoni mwake mtaa mzima ulijaa kelele zao. Kisha jioni moja mmoja akaingia sanduku la kati, wa pili akamfuata, giza likaingia na hawakutoka. Nililia, sioni haya kusema.

Hakukuwa na mayai, na sikuyatarajia. Wawili wapya mara nyingi hushika tundu msimu mmoja na kutaga msimu unaofuata. Nimeandika mahali hapa katika Swift Mapper, ramani ya matundu ya teleka, ili yeyote atakayeleta jukwaa la mafundi kwenye paa hili ajue kuna wenyewe.

Agosti. Wameondoka. Sanduku la kati sitaligusa wala kulifagia. Kabla ya Aprili nitaweka kamera juu ya kisahani, na yule mama ameomba sanduku la nne liwekwe kwake; plaiwudi nimeshakata.