Nilivyogawa RAM kama njugu mpaka mfumo wa uhasibu ukazimika tarehe 30

Habari za muda huu wakuu. Naweka hapa yaliyonikuta nikiwa IT wa ofisi moja hapa Mbeya, maana nilijifunza kwa kuaibika na sitaki mwenzangu aaibike hivyo.

Tulinunua seva ya mtumba, Dell PowerEdge R720, ina prosesa mbili za Xeon E5-2650 v2, yani kori 8 kila moja, jumla 16, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 64. Nikaipiga Proxmox, programu ya kugawa seva moja iwe mashine pepe nyingi, kila moja inaitwa VM, diski nne za kawaida nikaziweka kwenye ZFS (mfumo wa kupanga data kwenye diski), nikaanza kugawa RAM kwa kila VM. Na hapo ndo nilipoharibu, kwa sababu sikupima kitu, nilipita kuuliza watu wanataka kiasi gani, na mtu wa Bongo ukimuuliza anataka kiasi gani unajua atakachokujibu. Uhasibu wakapata GB 16, databesi 16, mafaili 8, domeni (ya akaunti za watu kuingilia kwenye kompyuta) 4, kamera 12, na ya majaribio yangu mwenyewe 8. Jumlisha uone. 64 kamili! Nikajiona fundi kweli, hakuna hata GB moja imepotea.

Miezi miwili ilipiga kazi safi kabisa na hiyo ndo ilinidanganya, kumbe KVM, injini inayoendesha VM ndani ya Proxmox, haiipi VM RAM yote siku ya kwanza, inaipa kadiri inavyoigusa, kwahiyo karatasini nilikuwa nimeshamaliza lakini kwenye mashine bado kuna nafasi. Halafu kuna ZFS, yenyewe ina kashe yake (RAM inayoshikilia data zinazosomwa mara kwa mara) inaitwa ARC, na kwenye toleo nililoweka mimi ikiachwa bila setingi inaweza kufika nusu ya RAM ya seva, yani 32. Inatakiwa iachie pale RAM inapohitajika, ila haiachii haraka kila wakati.

Tarehe 30, saa nne asubuhi, watu wanafunga mahesabu, nimekaa na chai yangu maana ilikuwa Julai na baridi ya Mbeya ya Julai mnaijua, chumba cha seva AC ni pambo tu. Mama wa uhasibu akaja mwenyewe mpaka mlangoni, hakupiga simu: "Mwanangu, mashine imekufa na kazi yangu yote." Nikaingia nikakuta VM yake imezimwa, imezimwa kabisa, sio imestaki. Nikaiwasha, baada ya dakika ishirini ikafa tena. Nikaangalia dmesg (ujumbe wa matukio ya mfumo) kwenye hosti, yani seva yenyewe, nikakuta mstari unasema Out of memory, Killed process, na jina la aliyeuawa ni kvm. Linux ikiishiwa RAM inatafuta wa kumtoa kafara, na mara nyingi inamchukua mwenye mwili mkubwa, sasa kwenye seva yangu mwenye mwili mkubwa ndo yule yule anayefanya kazi ya maana siku hiyo.

Siku ile niliokoa kwa kuzima VM ya majaribio na kupunguza ya kamera, jioni nikakaa na daftari la mistari. Wiki mbili nzima niliandika kila VM inatumia nini asubuhi, mchana na siku za mwisho wa mwezi. Kamera niliyoipa 12 haikuwahi kuvuka 5. Mafaili 8, inatumia 3. Watu wanashikilia kiwanja hawajengi.

Kilichonikaa kichwani ni hivi, CPU ni kama jembe, mkiwa watano shambani mnaweza kuazimana, huyu akipumzika yule analima. RAM ni kitanda, aliyelala kalala. Kwahiyo CPU sikuhangaika nayo sana, nilikuwa nimetoa vCPU (kori pepe za kugawia VM) 36 nikashusha hadi 20, databesi nikaiongezea CPU units (uzito wa kipaumbele) ili wakigombania yenyewe itangulie, basi. RAM ndo niliipangia kwa senti: databesi 16, uhasibu 12, kamera 6, mafaili 4, domeni 4, majaribio 2. Ni 44. Inabaki 20, hapo ARC nikaifungia kwenye GB 8, unaandika zfs_arc_max=8589934592 kwenye faili la modprobe (setingi za moduli za Linux) halafu update-initramfs na kurestati, na 12 zilizobaki ni za hosti yenyewe na akiba. Ballooning (seva kuichukulia VM RAM isiyoitumia) niliijaribu nikaiacha kwa VM ndogo tu, databesi usiiguse, itakusumbua.

Nikadhani nimemaliza. Uhasibu haufi tena lakini bado mzito, na CPU haifiki hata asilimia 20! Kumbe diski. Diski ya kuzunguka ya 7200 inakupa kama oparesheni 100 hivi kwa sekunde, chini ya hapo mara nyingi, na kamera zinaandika usiku na mchana bila kupumua, kwahiyo mama akibonyeza seivu anasubiri foleni nyuma ya picha za geti. Ukifungua top (programu ya kuonyesha mashine inavyofanya kazi) ukaona wa, yani muda CPU inaosubiri diski, iko juu ujue ndo hiyo. Nikaomba SSD (diski za kasi zisizozunguka) mbili, mzee, yani bosi, akaguna, akatoa. Databesi na uhasibu zikahamia huko, kamera nikazipa diski yao peke yake.

Kingine, umeme ukikatika UPS ikaisha ukirudi VM zote zilikuwa zinaamka kwa pamoja, vurugu kama stendi ya Mwanjelwa asubuhi. Kuna sehemu ya kupanga nani aanze na asubiri sekunde ngapi, domeni kwanza, databesi, uhasibu, kamera mwisho.

Mwezi uliopita mzee kaja na mfumo mwingine mpya, muuzaji kasema unataka GB 16. Nikamfungulia daftari nikamwonyesha zilizobaki. Akaliangalia sana, akauliza "sasa hizi 12 si zimekaa tu?" Nikampa 4. Mpaka leo asubuhi nilivyoangalia unatumia 2.7.