Sauti zimetulia, mikono haitulii

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili uliomfanya asikie sauti zisizokuwepo. Dawa ya klozapini ndiyo iliyomrudisha kwetu: sauti zilinyamaza, akaanza kula mezani na sisi. Sasa kimeingia kingine. Ananawa mikono hadi ngozi ya vidole inachanika. Kitasa cha mlango anakikagua, anaondoka, anarudi kukikagua tena.

Nyumbani wakasema ugonjwa umerudi. Nilikaa naye uani nikamuuliza, "Nani anakwambia unawe?" Akajibu, "Hakuna, dada. Najua mikono ni safi, ila moyo haukubali mpaka nirudie." Zamani sauti zilimwamrisha naye aliziamini kabisa. Sasa anajua wazo ni lake mwenyewe na halina maana, lakini linamtesa vilevile.

Daktari alitueleza kuwa hii ni OCD, ugonjwa wa mawazo na vitendo vya kujirudia, na kwamba klozapini yenyewe inaweza kuuamsha. Mpaka kati ya magonjwa haya si wazi kila mara: DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013, unatambua kuwa wapo wenye OCD wanaoziamini hofu zao moja kwa moja.

Jamani, msimwachishe mtu klozapini ghafla kwa sababu hii, sauti zinaweza kurudi kwa kishindo. Wala msimwongezee dawa bila daktari. Fluvoksamini, dawa ya OCD, kwa mfano, hupandisha sana kiwango cha klozapini kwenye damu. Mdogo wangu anapunguziwa dozi taratibu, huku akipimwa damu.

Wenye ndugu anayeitumia, nanyi mmeyaona haya?