Najiandaa kukaa kiti cha kushoto

Bas watu wangu, barua imekuja, jina langu limo kwenye orodha ya wanaoingia darasa la ukapteni, alhamdulillah. Kwa sasa niko likizo nyumbani Lamu, vitabu vimejaa kitandani na picha kubwa ya kokpiti, yaani chumba cha marubani, ya Dash 8, ile ndege ya abiria ya propela mbili, nimeibandika ukutani mbele ya kiti cha plastiki. Naandika haya manake vijana kadhaa wa hapa na wa Malindi wananiuliza apgredi ni kitu gani hasa, yaani huku kupanda kutoka fasti ofisa, rubani msaidizi anayekaa kulia, kuwa kapteni anayekaa kushoto.

Hata mama aliuliza, "kwani mwanangu, si wewe ndo huendesha siku zote?" Na ni kweli, fasti ofisa huendesha, tunagawana na kapteni, yeye akirusha kwenda mimi narusha kurudi, na leseni ya ATPL yenyewe, ile ya juu kabisa ya urubani, huipati mpaka ufikishe masaa 1,500 angani, kwahivo mtu anayeitwa kwenye apgredi kuruka anajua. Kinachobadilika ni nani anaamua. Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema wazi kwamba rubani kiongozi ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu ndege akiwa ndiye kiongozi wake. Sentensi fupi tu, lkn nimeisoma nikaisoma tena.

Mikono kwanza, hiyo nitaipitia haraka. Kwenye kiti cha kulia nilizoea usukani mkono wa kulia na leva za injini mkono wa kushoto, sasa yote inageuka, na kwenye Dash kuna kishikio cha kuongoza gurudumu la mbele mkiwa chini, kiko upande wa kapteni peke yake, yaani sijawahi kukishika kikazi. Kwahivo kila baada ya alfajiri nakaa kwenye kile kiti cha plastiki nagusa picha, swichi moja baada ya nyingine, na mpwa wangu ananisomea chekilisti, mashallah sasahivi anajua kunirudisha nikiruka mstari. Hilo la mikono litakuja tu, wote wanaingia nalo na wote hulizoea.

Kisha kuna V1. Ndege ikiwa inakimbia kwenye ranwei kuna spidi inaitwa V1, kabla yake ukipata shida kubwa unasimama, ukishaipita unaondoka nayo hata injini moja ikifa, manake ranwei iliyobaki haitoshi tena. Kampuni nyingi zinataka mkono wa kapteni ndo ukae kwenye leva mpaka V1 hata kama fasti ofisa ndiye anayerusha, kwasababu uamuzi wa kusimama ni wa kapteni. Kwenye simuleta, ile mashine ya mazoezi inayoiga ndege, watanizimia injini pale pale kwenye V1, tena na tena, na hilo mimi silichukii hata kidogo, nalisubiri kwa hamu.

Ninachokifikiria usiku ni kitu ambacho simuleta haiwezi kukuonyesha, ni Manda. Nyie mnapajua, ndege inatua kisiwa cha Manda, abiria wanavuka na boti kutoka mjini na Shela, wanafika na mabegi, na kati yao kuna mgonjwa anaenda hospitali Nairobi, kuna bibi harusi, kuna ami ya rafiki yako uliyesoma naye madrasa. Sasa taa moja inawaka kwenye kokpiti. Fundi yuko Nairobi, kwenye simu. Kapteni anafungua orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kuwa vibovu na ndege ikaruka, anatafuta kama hicho kimo, na kwa masharti gani. Kikiwa hakimo ndege haiondoki, na ukishaiandika kasoro kwenye kitabu cha ndege hakuna kuifuta, mpaka fundi aje aweke sahihi. Hapo ndo mtu anaingia tamaa ya kutoandika. Kwamba tufike Nairobi kwanza, tutaandika kule.

Mimi nimeamua kabla sijafika darasani. Nitaandika. Hata kama mbele yangu amesimama mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto anasema "mwanangu twende tu inshallah tutafika," nitamshika mkono nimweleze kwa heshima, na hatuendi. Na kwangu hii ni ngumu kuliko injini kufa, wallahi, manake injini ikifa kuna utaratibu ulioandikwa na ami yako hayumo ndani yake.

Mafuta nayo ni hivohivo. Watu hudhani kapteni anajaza tangi tu akaondoka. Wilson, uwanja wetu wa ndege Nairobi, iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, hewa nyepesi, ranwei fupi, mchana kuna joto, kwahivo uzito unabanwa na kila kilo ya mafuta unayoongeza huenda ni begi au abiria anabaki. Na msimu wa masika huku Pwani mvua inaweza kufunga Manda ghafla, utataka mafuta ya kuzunguka kidogo na bado ukafika Malindi au Mombasa. Malindi yenyewe ranwei yake kubwa ni kama mita 1,400, ikiwa imelowa lazima ukae na hesabu zako kabla hujasema tunaenda kule.

Nimesoma tena pia ripoti ya ajali ya Buffalo, Marekani, tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Q400, aina kubwa ya Dash 8, ya shirika dogo la mikoani kama letu, watu 49 ndani na mmoja chini kwenye nyumba, wote walifariki, Mungu awarehemu. Spidi ilishuka, usukani ukatikisika kuwaonya, na kapteni akavuta nyuma badala ya kusukuma mbele. Kabla ya hapo walikuwa wakipiga stori za kawaida chini ya futi 10,000 ambapo haziruhusiwi. Siisomi kumhukumu marehemu. Naisoma kwasababu kapteni ndiye anayeweka hali ya kokpiti, akinyamaza wakati wa kunyamaza mwenzake atanyamaza, akimwambia fasti ofisa kwa dhati "ukiona kitu sema" basi atasemeshwa. Mimi nimekaa kulia na makapteni wa kila aina na najua ni kina nani niliwaambia kitu mapema.

Juma lijalo narudi Nairobi kuanza masomo ya darasani, mifumo ya ndege kwanza, simuleta baadae. Umeme wa Q400 ndo nimeukazania sasa, jenereta za AC zinazungushwa na giaboksi ya propela na za DC ni habari nyingine, na mpwa wangu ameshachoka na kadi za maswali kwahivo leo jioni dada yake ndo atanishikia.