Tela la kambi nyuma ya Prado: nilivyoamua kuhusu kiungio cha kugawa uzito

Gari likiinama nyuma kwa sababu ya tela, mtaa mzima hugeuka mafundi. Mmoja atakwambia ongeza springi, mwingine atataja mifuko ya hewa. Mimi muuzaji mmoja wa spea wa Changamwe, Mombasa, aliniletea kiungio cha kugawa uzito, mtumba kutoka Marekani: kichwa kizito cha chuma na vyuma viwili virefu vya springi vinavyorudi nyuma na kufungwa kwa minyororo kwenye mkono wa tela, yaani chuma cha mbele kinachoungana na gari. "Bila hiki hufiki Voi, bwana," akaniambia. Bei yake ilitosha kunifanya nichukue tepu kwanza.

Tela lenyewe ni la ekseli moja. Lina kitanda, jiko la gesi, betri na tangi la maji la lita 80. Tunalivuta kwenda Tsavo East, na mara nyingine Diani.

Kuinama nyuma ni dalili tu. Swali hasa ni magurudumu ya mbele yamepoteza uzito kiasi gani, maana huko ndiko kwenye usukani na sehemu kubwa ya breki. Mkono wa tela hukandamiza nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo unainyanyua pua ya gari, kama mashua iliyorundikwa shehena yote tezini hata omo ikawa hewani. Usukani unakuwa mwepesi, na usiku taa zako zinamulika macho ya dereva wa lori anayekuja. Vile vyuma vya springi, vikikazwa, hurudisha sehemu ya uzito huo kwenye ekseli ya mbele na sehemu nyingine kwenye magurudumu ya tela. Mifuko ya hewa haifanyi hivyo. Inainua mkia, gari likaonekana limenyooka, ila pua inabaki nyepesi vilevile. Hapo ndipo wengi hujidanganya.

Nikaanza kwa kupima uzito wa mkono. Mizani ya bafuni haikubali mzigo mzima, basi nikatumia ubao: ncha moja juu ya tofali, ncha ya pili juu ya mizani, na mkono wa tela ukakaa kwenye theluthi ya urefu, upande wa tofali. Mizani hapo husoma theluthi moja ya uzito. Ukishatoa uzito unaoonyeshwa na ubao mtupu, unazidisha kwa tatu. Nilihakikisha mkono uko katika kimo kile kile cha kuvutwa, na tela limepakiwa kama tunavyosafiri, tangi likiwa limejaa. Tangi langu liko mbele ya ekseli, na kilo 80 za maji pale huongeza kama kilo 25 kwenye mkono. Ukipima likiwa tupu unapima tela jingine.

Nikapata karibu kilo 130. Tela zima, kwenye mizani ya malori ya mtu binafsi Miritini, lilikuwa kilo 1,150. Yaani mkono ulibeba kama asilimia 11. Wamarekani hupendekeza asilimia 10 hadi 15. Ulaya hukubali pungufu ya hapo.

Hesabu inayofuata ni ya shule ya msingi. Kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye tufe la chuma la kuvutia tela, nyuma ya gari, nilipima sentimita 120. Kutoka ekseli hadi ekseli, Prado yangu ina sentimita 279. Kilo 130 mara 120, gawanya kwa 279: pua inapoteza kilo 56, na ekseli ya nyuma inaongezewa 186, yaani 130 na hizo 56. Pale Miritini tuliweka magurudumu ya mbele peke yake juu ya mizani, kwanza bila tela, kisha nalo. Kutoka 1,220 ikashuka hadi 1,160. Mizani ile huhesabu kwa kilo 20, kwa hiyo 60 na 56 ni kitu kimoja. Ni chini ya asilimia 5 ya uzito wa mbele. Kitabu cha gari kinaruhusu uzito huo, na ekseli ya nyuma ilikuwa bado na nafasi hata baada ya kupakia watoto na masanduku.

Nikamrudishia muuzaji vyuma vyake.

Kulikuwa na sababu nyingine pia. Tufe lake lilikuwa la inchi mbili, yaani milimita 50.8, na kishikio cha tela langu ni cha milimita 50. Tofauti hiyo ndogo haichezewi. Breki za tela langu hufanya kazi kwa msukumo: gari likipunguza mwendo, mkono unateleza kurudi ndani na kuvuta kebo. Vyuma vilivyokazwa vinaweza kuubana mkono huo usiteleze. Halafu kuna Likoni. Maji yakiwa kupwa, njia ya kushukia feri inakuwa kali, na pale gari linapoanza kuinuka huku tela bado linashuka, vyuma hivyo hupindwa kupita kiasi. Siku hizi waweza kuikwepa feri kwa barabara ya Dongo Kundu, lakini njia za vumbi ndani ya Tsavo nazo zina mabonde yake.

Mtu mwingine alinishauri nisogeze mizigo nyuma ya tela ili mkono uwe mwepesi. Hilo nilikataa papo hapo. Mkono ukiwa mwepesi mno tela huanza kutikisa mkia, na kati ya Mariakani na Maungu, ukipishana na malori yanayokimbia, hutaki mkia unaotikisika. Pesa nilizobakiza zilienda kwenye matairi mapya ya tela na kebo ya breki, ambayo chumvi ya hapa pwani ilishaitafuna.

Jirani yangu wa Bamburi ana karavani ya ekseli mbili, karibu tani 2. Alipima kwa ubao ule ule akapata kilo 220 kwenye mkono, na gari lake ni kama langu: pua inapoteza kilo 95. Kitabu chake kinataka kiungio hicho kwa mzigo wa namna hiyo, na breki za karavani yake ni za umeme, kwa hiyo hakuna mkono wa kubanwa. Yeye alikinunua, kipya, chenye tufe linalolingana na kishikio chake. Akifika Likoni anashuka na kulegeza minyororo, na walio nyuma yake wanapiga honi.