Kabati la magurudumu la mama

Mama yangu ni fundi cherehani, na toka nimepata akili vitu vyake vya kazi vilikua vinakaa uvunguni mwa kitanda. Nyuzi kwenye yale makopo ya bluu ya biskuti, vifungo kwenye kopo la Blue Band, pini na sindano kwenye kopo la Africafe, zipu zimefungwa raba ndani ya mfuko wa rambo, gamu za kola, kile kitambaa kigumu cha ndani, na lastiki kwenye begi la shule la mdogo wangu lililochanika. Mteja akiuliza kama ana zipu ya rangi fulani mama anashuka chini anapiga magoti, anavuta kopo hili, silo, anavuta lingine, alafu anashika godoro ndo anyanyuke. Mwaka 2018 magoti yakaanza kumsumbua kweli kweli. Hakuwa anasema, ila usiku alikua anajipaka dawa akidhani tumelala, na mi nilikua naisikia ile harufu.

Wazo lilinijia saluni. Nilikua nasukwa, nikawa namuangalia yule dada anayenisuka, amekaa kwenye kistuli chake na pembeni ana troli ya magurudumu yenye vitana, rasta, mafuta, kila kitu, akitaka kitu anaivuta kwa mguu inakuja yenyewe, hanyanyuki. Nilikaa pale masaa na masaa nikawa namfikiria mama tu. Mi nikasema mama naye anahitaji hiki kitu, ila chake kiwe na droo zinazofungika, sababu kwetu Tandika, Dar es Salaam, vumbi ni jingi na nyumba ina watoto wa wapangaji wanaingia na kutoka, vifungo ukiviacha wazi huvioni tena.

Nikasubiri mshahara wa Desemba. Nilitaka kifike kabla ya Januari maana huo ndo msimu wa mama, shule zikikaribia kufunguliwa wazazi wote wanakumbuka sare kwa pamoja, mashati meupe, sketi na kaptula za bluu, na kila mtu anataka ya kwake kesho. Nikapanda daladala la Kariakoo. Kariakoo ya Desemba mnaijua, mtaa wa Kongo ulikua haupitiki, viatu vya shule vimepangwa mpaka katikati ya njia, wauzaji wanaita, mabegi yananing'inia juu ya kichwa, mi nimekumbatia pochi kifuani nasukumwa tu na watu naenda nao.

Madroo ya plastiki yalikuepo mengi na bei yake rafiki. Nilivuta moja nikaweka mkono ndani nikakandamiza kidogo, chini ikabonyea. Mkasi wa mama wa kukatia ni mzito, pasi nayo ni nzito, na koni za uzi wa ovaloki zikijaa droo nazo zina uzito wake, nikaona hii haitamfikisha mbali. Duka lingine nikakuta ya mbao nyeupe, droo tano, magurudumu manne, mawili ya mbele yana breki unaikanyaga kwa kidole. Ile iliyofungwa kwa ajili ya kuonyesha ilikua imesimama vizuri nikaisukuma ikaenda bila kelele. Muuzaji akaniambia dada hii inakuja kwenye boksi, unaenda kuifunga mwenyewe nyumbani, spana iko humo humo. Nikamuomba afungue tuhesabu vitu akasema boksi likishafunguliwa halina mnunuzi. Tukavutana bei mpaka laki moja na kumi, nikalipa. Kuli akaliweka kichwani akanitolea mpaka Msimbazi kwenye bajaji, na mi nyuma yake nakimbia nisimpoteze maana kwenye umati ule unaona boksi tu linaelea.

Mama alivyoliona lile boksi bapa akaniuliza umenunua mbao? Nikamuelezea. Akauliza bei. Nikamwambia. Akanyamaza akarudi kwenye cherehani yake akawa anashona kwa nguvu, alafu bila kugeuka akasema, "Mwanangu, hiyo hela ungenunua kiroba cha mchele na chenji ikabaki. Makopo yangu yana ubaya gani?" Sikumjibu. Nilijua nikimjibu nitataja magoti na hakupenda yatajwe.

Tukatandika mkeka sebuleni mi na mdogo wangu, yeye alikua kidato cha pili, tukatoa vitu vyote. Mbao nyeupe zenye matundu, mbao za droo, karatasi ngumu nyembamba za chini ya droo, reli, vijiti vya mbao, pini za chuma, vile vichuma vya duara vya kuzungusha, skrubu za saizi tofauti, na spana ya L. Maelezo yalikua ya Kichina na michoro. Nikachukua mabakuli ya jikoni nikatenganisha skrubu kila aina bakuli lake, na kila ubao una stika ya namba nikazipanga kwenye mkeka kufuata mchoro. Mama alipita kwenda jikoni akasimama, akaangalia chini pale muda kidogo, akasema, "Kumbe ni kama shati likishakatwa. Mgongo huu hapa, vifua hivi, mikono ile." Alafu akaendelea na safari yake. Ila nilimuona kwamba imemuingia.

Jirani yetu wa ukuta wa pili ni fundi seremala, mzee sasa, amefanya kazi Keko, kule kwa mafundi wa fanicha, karibu maisha yake yote. Alisikia tunagonga akapiga hodi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba wanangu, mnajenga nini?"

Akakaa kwenye kigoda akaokota ubao mmoja akapitisha kidole kwenye ukingo. Mi nilijua atasema vibaya maana yule ni mtu wa mninga na mkongo, kitanda alichompa mwanae cha harusi mnakibeba watu sita. Hakusema vibaya. Alisema hii ni chipubodi, chenga za mbao zimechanganywa na gundi zikakandamizwa, ukiiheshimu inakaa, adui yake maji tu, ikinywa maji inavimba kama andazi na hairudi tena. Akatuuliza hapa mnapiga deki? Tukasema kila siku. Akaenda kwake akarudi na kopo la gundi nyeupe ya mbao na brashi kuukuu, akapaka kwenye kingo zote za chini ambazo hazikufunikwa ile karatasi nyeupe, akatuambia tuiache inyonye.

Hapo ndo nikaanza kujifunza vitu ambavyo kwenye karatasi ya maelezo havikuwemo. Mdogo wangu alikua anakaza skrubu mpaka mishipa inamtoka, fundi akamshika mkono. "Usikaze. Shikiza tu. Zote ziingie kwanza, alafu ndo tunarudi kukaza." Akamuonyesha sababu, ukikaza kona moja mpaka mwisho ubao hauna nafasi ya kusogea, kwahiyo ukifika kona ya nne tundu na pini havionani, ukilazimisha unapasua. Na vile vichuma vya duara vina kimshale, unaelekeza kimshale kwenye tundu ambako pini itaingilia, pini ikishaingia unazungusha nusu duara kwa bisibisi na unasikia ubao unavutwa unabana wenyewe. Aisee mi nilikipenda sana hicho kitu. Kichuma kidogo kuliko kifungo cha koti kinashika kabati zima.

Boksi liliposimama, bado mgongo haujapigwa, fundi akasema leteni futi tupime. Futi yake ya chuma aliiacha kazini. Mama akazima cherehani, akavua futi kamba yake shingoni akaja nayo mwenyewe. Hakumpa fundi, alipiga magoti pale kwenye mkeka, taratibu, akauliza napima wapi. Kona kwa kona, fundi akamwambia, juu kushoto mpaka chini kulia, alafu upande mwingine. Ya kwanza ikasoma sentimita 71 na nusu, ya pili 72 na nusu. Mama kabla hajaambiwa akasema, "Imelala upande." Fundi akacheka kwa furaha kabisa akasema mama ungekuja Keko ningekuajiri. Akasukuma kona ndefu kwa kiganja, mama akapima tena, akasukuma tena kidogo, zikalingana, 72 na 72. Mama akashikilia kabati kwa mikono miwili lisiyumbe sisi tukapigilia ule ubao mwembamba wa mgongoni kwa vimisumari, na hapo ndo tukaambiwa sasa kazeni zote. Yaani bila kupima vile droo zingekua zinakwama milele na tungesema kabati bovu.

Kwenye reli ndo kukawa na tatizo. Kila reli imegongwa herufi, fundi akatufafanulia, yenye C inakaa kwenye kabati, yenye D kwenye droo, L ni kushoto na R ni kulia. Droo tano zinataka tano za kila aina. Tukahesabu, CL zipo sita, CR zipo nne. Mdogo wangu akataka kuigeuza ile ya sita aifunge kulia, fundi akakataa, kile kigurudumu cheupe cha reli ya kabati lazima kiwe mbele, cha reli ya droo kinakua nyuma, ukiigeuza kinaenda nyuma na droo haina pa kupita. Nikapiga simu dukani, wakaniambia nirudishe boksi lote. Na kabati limeshasimama! Niliumia jamani, kwa mara ya kwanza siku ile nilihisi machozi, sababu mama ndo kwanza alikua ameanza kulipenda.

Fundi akampa mdogo wangu ile reli iliyozidi mkononi, akamtajia duka la vifaa pale Keko, akamwambia nenda na sampuli, wapime urefu, hizi zinauzwa kwa urefu, 30, 35, 40, hii yetu ni 35, usikubali zaidi wala pungufu. Dogo akapanda boda. Huku nyuma tukafunga magurudumu, yenye breki tukaweka mbele. Dogo akarudi na reli, wanauza seti nzima tu, lakini bei yake haikufika hata ya kilo mbili za mchele, na rangi ikawa ile ile. Droo ya tano ikaingia ikateleza.

Kupanga alipanga mama peke yake, alitufukuza kabisa. Fundi alimuachia neno moja tu, vizito viende chini na usifungue droo mbili zenye mzigo kwa mpigo litakulalia. Mama akavuta makopo yote kutoka uvunguni akakaa kwenye kiti chake cha cherehani, kabati mbele yake. Droo ya juu chaki, futi kamba ya akiba, sindano na bobini. Ya pili nyuzi, nyeupe na bluu mbele sababu ya sare. Ya tatu zipu na vifungo, kila rangi na kiboksi cha kiberiti alichokikata. Ya nne gamu na lastiki. Ya chini kabisa pasi, mkasi mkubwa na koni za ovaloki. Kila akimaliza droo anaifunga anaifungua tena, anaifunga. Alafu akakanyaga breki, akaachia, akalivuta kwa mguu mpaka kulia kwake kama yule dada wa saluni, na mi sikuwahi kumsimulia habari za saluni.

Nikataka kumpa fundi hela akakataa kata kata. Mama akamwambia basi lete ile suruali yako ya kazi, mfuko wa nyuma umechanika naona kila siku ukipita. Akaenda akabadilisha akaileta. Mama akavuta droo ya pili, uzi wa kaki, droo ya juu, sindano, hakunyanyuka hata mara moja, fundi hajamaliza chai mfuko umeshashonwa.

Jioni mdogo wangu akaweka chaja na earphone zake kwenye droo ya nne akidhani kuna nafasi. Mama akazitoa akamuwekea mkononi.

"Tafuta makopo," akamwambia, "yapo mengi hapo nje."