Kabla hujanunua amplifaya nyingine, sikiliza huo mlio

Watu wengi wakisikia kelele kwenye spika za kujiundia wenyewe, mbio ya kwanza ni dukani, kununua amplifaya nyingine ama DAC (kile kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti ya kwenda amplifaya) ya bei zaidi, na mie nasema kabla hujatoa shilingi yako hebu kaa uusikilize huo mlio vizuri, manake kila kelele ina sauti yake na hio sauti inakwambia imetoka wapi.

Set yangu ni hivi. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 (naiita Pi), bodi ndogo ya DAC yenye chipu ya PCM5102A, bodi ya amplifaya ya TPA3116, na adapta moja ya volti 24 inalisha kila kitu, yani amplifaya inachukua 24 moja kwa moja na Pi inapata 5 zake kupitia kale kabodi ka kushusha volti. Vyote vimo ndani ya sanduku la mbao. Kazi yake kubwa ni kupiga taarab za kaseti za marehemu babu ambazo nimezigeuza mafaili, na taarab wallahi haifichi kelele, kuna pale udi unaanza peke yake kabla mwimbaji hajaingia, hapo hata mlio mdogo unausikia kama mtu yuko chumbani.

Kelele zilikuwa za aina tatu zimechanganyika: mngurumo wa chini, mmmmm usiobadilika, halafu wiiiii nyembamba ya juu inayopanda na kushuka, na mara mojamoja krr krr kama mafuta ya moto. Ukizisikia pamoja unaona ni tatizo moja, kumbe ni matatu na kila moja lina njia yake.

Kitu cha kwanza ni kibonyo cha sauti. Ukizungusha na kelele ikapanda pamoja na muziki basi inaingia kabla ya hicho kibonyo, kama haibadiliki basi inaingia baada yake, kwenye amplifaya yenyewe ama umeme wake. Halafu chomoa kebo za RCA, zile zinazoleta muziki kutoka DAC, kwenye amplifaya, kimya? Basi amplifaya haina makosa, iache. Baada ya hapo unachomoa kitu kimoja, unasikiliza, unarudisha, unachomoa kingine. Usichomoe viwili kwa pamoja hata kama una haraka, hutojua ni kipi kilichosaidia.

Ule mngurumo ulikufa nlipochomoa kebo ya HDMI, ile inayotoka kwa Pi kwenda kwa tivi. Stima yetu ni volti 240 na mawimbi 50 kwa sekunde, kwa hio mngurumo wa stima utausikia kwenye 50 ama 100, sauti nzito. Tivi ilikuwa imeungwa na dekoda, dekoda imeungwa na dishi la juu ya paa, na nguzo ya dishi inagusa chuma cha nyumba, na huku amplifaya inapata erthi yake kupitia adapta ya pini tatu. Sasa hapo una njia mbili za kwenda ardhini na katikati yake ndo kuna kebo yako ya muziki, imekuwa duara, na kila tofauti ndogo ya volti kati ya erthi hizo mbili inapita kwenye kebo. Tivi siihitaji, Pi naiendesha na simu kwa Wi-Fi, kwa hio HDMI imetoka na hairudi. Kama wewe lazima uwe na tivi basi weka transfoma ndogo ya sauti kwenye laini ya RCA, ile ya 1:1 isiyopandisha wala kushusha volti, inapitisha muziki kwa sumaku bila waya kugusana na duara linakatika.

Ile wiiiii ndo ilonipendeza, ijapokuwa ilikuwa inaudhi. Ukiwacha Pi imetulia inakuwa nyembamba, ukifungua folda yenye mafaili mengi inacharuka, tr-r-r-wiii, ukipakua kitu inabadilika tena. Yani unaisikia kompyuta ikifikiria. Hio ni dalili tosha, kelele inafuata umeme unaoliwa na Pi. Nkachukua pawabenki ya simu, nkaitoa Pi kwenye kale kabodi nkailisha kwa pawabenki, adapta ya 24 ikabakia ya amplifaya peke yake. Kimya! Udi ukasikika hadi kucha ikigusa uzi.

Sasa angalia kwa nini. Umeme ukishatumika kwenye Pi lazima urudi kwenye adapta, na njia ya kurudi ni waya wa graundi, yani ule wa hasi. Lakini Pi na amplifaya zikishiriki adapta moja kuna njia mbili za kurudi, moja ni huo waya wa graundi wenyewe, ya pili ni kupitia DAC, kwenye ganda la kebo ya RCA (ule waya wa nje unaozunguka wa ndani), hadi graundi ya amplifaya halafu nyumbani. Na umeme haungoji njia kuu peke yake, unagawanyika, kama matatu zikiona foleni Buxton, Mombasa, nyingine zinakata ndani ya mitaa. Ile sehemu inayopita kwenye ganda la RCA, amplifaya haijui kama ni taka, inaikuza pamoja na muziki. Ndo maana hata ungeweka DAC ya pesa nyingi wiiiii ingebaki palepale, DAC haihusiki.

Dawa yake ni kuzitenganisha. Adapta ya pili ya volti 5 kwa Pi, amperi 3, basi. Ama ukitaka ibaki adapta moja, tafuta ile bodi ya kushusha volti ambayo ndani ina transfoma, ingizo na toleo hazigusani graundi. Zile za kawaida za bei rahisi graundi ni moja pande zote mbili.

Krr krr ilikuwa jambo la haraka. Hizi bodi za PCM5102A zina pini imeandikwa SCK, ya kupokea mapigo ya saa kutoka nje, na Pi haitoi hio saa, kwa hio SCK inatakiwa iungwe graundi ndipo chipu itumie saa yake ya ndani. Ikiachwa hewani inaokota takataka. Tone moja la risasi ya kulehemu kwenye vile vituo viwili vidogo kando ya pini na imekwisha. Waya za kutoka Pi kwenda DAC pia fupisha, na waya wa graundi uende sambamba nazo.

Na kwetu huku pwani kuna chumvi. Plagi za RCA zinaota ukijani, ukizigusa zinalia. Spiriti na kitambaa, kila baada ya muda.

Kuna fundi alinambia, "Yakhe, kata hio waya ya erthi kwa adapta, mlio utaisha." Ni kweli utaisha, na siku waya wa laivu ukigusa chuma cha nje stima haitakuwa na njia ya kwenda ardhini isipokuwa mwili wa mtu alogusa. Usikate. Wala usitumie ekstensheni isiyo na erthi kwa sababu hio. Nyumba nyingi za zamani huku soketi ina mashimo matatu lakini la erthi halina kitu nyuma, kwa hio muite fundi wa stima aweke mita: laivu na nyutro isome karibu 240, laivu na erthi pia karibu 240, nyutro na erthi volti chache tu. Ile ya pili ikisoma kitu kingine, funga sanduku la muziki mpaka soketi irekebishwe.